Kadi ya USB 3.0 inatambuliwa, lakini diski ya nje inakatika

Mkazi wa Kisauni:
Assalaam aleikum. Kipakatalishi changu cha zamani kina tundu la ExpressCard (la kuchomekea kadi za ziada) ubavuni, na kwa kuwa milango yake yote ni ya USB 2.0, nilinunua kadi ya kuongeza milango ya USB 3.0 ili nihamishe video za harusi kwa haraka. Windows 10 inaitambua kadi na flashi inasomeka vizuri. Lakini nikichomeka diski ya nje, inaanza kuzunguka, inagonga, kisha inapotea. Fundi mmoja amenieleza kwamba bodi kuu ya kipakatalishi imekufa. Je, ni kweli?

Fundi wa Majengo:
Waaleikum salaam, ndugu. Bodi iliyokufa isingeisoma hata hiyo flashi, kwa hiyo usikubali kuibadilisha. Kwa maelezo yako, kinachopungua ni umeme. Tundu la ExpressCard hutoa volti 3.3 na 1.5 tu, ilhali USB huhitaji volti 5, na mlango wa USB 3.0 hutakiwa kutoa hadi miliampea 900. Diski hudai umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Flashi haina mahitaji hayo. Tazama ukingo wa kadi: nyingi zina kitundu cha duara cha kupokea umeme kwa waya unaochomekwa kwenye mlango wa kawaida wa USB. Kuna wauzaji wanaouza kadi bila waya huo, jambo linaloniudhi sana, kwa sababu mteja ndiye anayeishia kuuziwa bodi. Kitundu kisipokuwepo, tumia habu (kifaa cha kugawa mlango mmoja wa USB kuwa mingi) yenye chaja yake. Usiendelee kuilazimisha diski inayogonga. Ipeleke kwenye kompyuta nyingine unakili video za watu kwanza.

Mama wa Likoni:
Naongeza kwamba hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa hushambulia miguso ya kadi, yaani vile vyuma vinavyogusana na tundu. Zima kipakatalishi, chomoa chaja, uipanguse kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pia usitarajie kasi kamili: ExpressCard za mwanzo hupitisha gigabiti 2.5 kwa sekunde, nusu ya zile 5 za USB 3.0, ingawa bado zinaipita mbali USB 2.0 yenye megabiti 480.

Mkazi wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Kitundu kipo. Je, naweza kutumia chaja yoyote inayoingia?

Fundi wa Majengo:
Hapana, ndugu yangu. Chaja ya kipakatalishi ya volti 19 itaiunguza kadi. Tafuta waya wa volti 5 wenye kichwa cha kipimo hichohicho, na uende dukani na kadi yenyewe mkononi.