Mjadala: Milima ya Mbeya na Rungwe inahitaji magari ya kebo, au njia na waongozaji kwanza?

Wakuu, habari za leo.

Kila ukitajwa utalii wa Nyanda za Juu Kusini, hoja haibadiliki: tujenge kama Uswisi. Video ya Zermatt, mji wao wa milimani, inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanateleza thelujini chini ya mlima Matterhorn, na papo hapo mtu anauliza kwa nini Rungwe hakuna kebo (gari linaloning'inia kwenye waya), hoteli ya kileleni na pa kuteleza. Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge vizuri. Fedha ya kwanza itakayotengwa kwa ajili ya milima hii iende kwenye njia, vibao, vibanda vya kulala na waongozaji wa vijijini. Kebo isubiri.

Suala la theluji tulimalize kabisa. Rungwe una mita 2,960, na mlima Mtorwi ulioko uwanda wa Kitulo unauzidi kwa mita moja tu. Tuko kati ya nyuzi 8 na 10 kusini mwa Ikweta. Juni na Julai Kitulo inapigwa sakitu kweli, majani yanakuwa meupe alfajiri, ila jua likishachomoza haidumu. Wapo wanaotoa mfano wa Lesotho kwamba nayo ni Afrika na watu wanateleza pale Afriski, kituo chao cha kuteleza. Afriski iko juu ya mita 3,000, Lesotho iko karibu nyuzi 29 kusini, ina majira halisi ya baridi, na bado wanatengeneza theluji kwa mashine. Kilimanjaro chetu chenye mita 5,895 kimepoteza takribani asilimia 85 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2007. Anayetuuzia ndoto ya kuteleza Mbeya anatupotezea muda.

Kinachobaki ni kutembea na kupanda, na hapo ndipo Ulaya ina la kutufundisha, ila tusome historia yake kwa mpangilio. Chamonix ya Ufaransa ina kebo maarufu ya Aiguille du Midi, inayopandisha watu hadi mita 3,777. Ilifunguliwa mwaka 1955. Chama cha waongozaji wa Chamonix kilianzishwa 1821, mwaka mmoja baada ya waongozaji watatu kufa kwa poromoko la theluji kwenye mlima Mont Blanc. Hesabuni wenyewe: miaka 134 ya wanakijiji kuongoza wageni kwa zamu, kujua kila ufa wa barafu, na kusaidia familia za wenzao waliofia mlimani. Kebo iliukuta mji ambao tayari unaishi kwa mlima wake. Uswisi ni hivyohivyo. Chama chao cha wapanda milima ni cha mwaka 1863, na leo kina vibanda vya kulala takribani 150. Vibao vyao vya njano havimwambii mtu kilomita, vinamwambia muda wa kutembea. Ukisoma saa tatu na nusu, unajua kama utarudi kabla ya giza.

Sasa njooni Rungwe, njia ya kutokea Isongole. Ukishaingia kwenye mianzi, njia zinagawanyika kila hatua chache: nyingine za wakata mianzi, nyingine za warina asali, nyingine hazifiki popote. Nilipopanda, ukungu ulishuka ghafla, ukawa humwoni hata mtu wa tatu mbele yako. Mwongozaji wetu, kijana wa palepale, kila alipofika njia panda alivunja kijiti kibichi, akakilaza kukatiza njia ya uongo, kisha akageuka kuhesabu watu. Hakuna kibao hata kimoja kilichotusaidia siku ile. Vijiti vyake ndivyo vilivyotufikisha kileleni na kuturudisha. Mtu huyo ndiye nataka mlima umlipe, tena vizuri, kabla ya kumlipa muuza nguzo za chuma.

Karibuni tujadiliane.

Mdau wa Tukuyu

Kaka, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mwenye magoti mazima. Mama yangu amezaliwa chini ya Rungwe, amelima chai na ndizi akiutazama maisha yake yote, na hajawahi kufika juu. Kebo ingemfikisha. Tena wa kusini kila siku ni kuambiwa tusubiri. Uwanja wa ndege wa Songwe ulipofunguliwa mwaka 2012 tuliambiwa watalii watamiminika. Wako wapi? Wageni hawaji kufuata kibao cha njano. Wanakuja kufuata kitu kikubwa kinachoonekana. Na hiyo miaka 134 unayotusifia, sisi nani ametupa? Vijana wanaendesha bodaboda leo, wanahitaji kazi leo.

Mwongozaji, Isongole

Ndugu zangu, mimi ndiyo kazi yangu hii, niseme kidogo. Wageni wapo, si wengi, ila wapo. Shida ni kwamba hakuna bei moja. Huyu anataja hivi, yule anashusha, mgeni anatuona matapeli wote. Wengine wanaingia msituni na ramani ya simu. Chaji ikiisha jioni ndiyo tunapigiwa kwenda kuwatafuta usiku, bila malipo na bila hata machela.

Kuhusu kebo, nguzo zitapita wapi kama si katikati ya msitu? Huo ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia. Ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye dunia ilitangaziwa mwaka 2005 na ambaye hayupo popote pengine ila huku Rungwe na Kitulo, na kidogo Udzungwa. Wataalamu walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa waliwasimulia habari zake. Wazee walimjua zamani. Ujuzi wa namna hiyo ndio tunaouza sisi, na mtu anayepita juu ya miti kwa dakika kumi hataununua.

Mama wa Matamba

Mnabishana juu ya Rungwe, sisi wa Kitulo tumesahauliwa hata humu. Hifadhi yetu ni ya mwaka 2005, na ilianzishwa kwa ajili ya maua. Maua yenyewe yanachanua wakati wa mvua, tuseme Desemba hadi Aprili. Wakati huohuo barabara ya kupandia kutoka Chimala, ile ya kona hamsini na saba, inakuwa matope ya kutisha. Kiangazi gari linapita vizuri, ila mgeni anakuta nyasi kavu. Kwa hiyo mwanzisha mada, mwanangu, vibao vyako ni vizuri lakini mgeni atavifikiaje? Barabara kwanza.

Na lingine ambalo hamlisemi. Kuna watu wanachimba viazi vya yale maua ya okidi, vinapelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko. Mchimbaji si mtu mbaya, ana watoto wa kusomesha. Akipata hela kwa kumwonyesha mgeni ua lililo hai, atakuwa na sababu ya kuliacha ardhini. Hapo nakuunga mkono kwa mikono yote miwili.

Mchangiaji wa Iringa

Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini ulilenga hifadhi nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Kitulo haikuwemo. Kwa hiyo Mama wa Matamba halalamiki bure. Lakini Udzungwa iwe somo. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, yana njia inayoeleweka na waongozaji wanaojulikana, na watu wanapanda kwa miguu, wakiwemo wanafunzi kwa makundi. Hakuna kebo pale.

Ninapotofautiana na mwanzisha mada ni hapa: mkimlazimisha kila mtu kuwa na mwongozaji, mwanafunzi wa chuo Iringa au Mbeya atapanda na nini? Mtalii wa Ujerumani atalipa. Mtoto wa Uyole ataishia kuutazama mlima kutoka barabarani.

Mwanzisha mada

Ndaga fijo kwa michango. Nijibu yale mazito.

Mdau wa Tukuyu, suala la mama limenigusa na nalichukua kwa uzito. Lakini tazama Kitulo: uwanda mzima uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na gari linafika. Mama anaweza kushuka garini akakanyaga maua bila kupanda mlima wowote. Ndiyo maana hoja ya barabara naipokea yote, na naiweka ya kwanza, mbele hata ya vibanda nilivyovitaja mimi. Barabara ya Chimala–Matamba ikipitika Februari, inamhudumia mgeni, mzee, na mkulima wa viazi anayepeleka mzigo sokoni. Kebo ingemhudumia mgeni peke yake.

Kuhusu ajira, kumbukeni mwaka 2019, serikali ilipotangaza mazungumzo ya kebo ya Kilimanjaro. Miongoni mwa waliopinga walikuwa waongozaji na wapagazi. Mgeni anayepanda kwa miguu anakaa mlimani siku tano hadi nane, na kila siku kuna anayebeba, anayepika, anayeongoza. Akipandishwa kwa kebo anarudi hotelini jioni hiyohiyo. Vijana wa bodaboda wa Tukuyu watapata nafasi ngapi kwenye kituo cha kebo? Fundi wachache, wakata tiketi wachache, basi.

Mchangiaji wa Iringa, ada naomba tuitenganishe. Makundi ya shule na vyuo yapande kwa mwongozaji mmoja kwa kundi, bei ya chini iliyobandikwa ofisini kijijini, ili asiwepo wa kuipandisha wala kuishusha. Mgeni wa nje alipe bei kamili. Sehemu ya ada zote iingie kwenye mfuko wa uokoaji wa kijiji: machela, tochi, redio za mawasiliano, na posho ya wanaotoka usiku kutafuta watu. Mwongozaji wa Isongole asiende tena msituni bure.

Mdau wa Tukuyu

Sawa kaka, kwenye barabara tumekubaliana. Kwenye kebo bado sijashawishika, maana Kitulo si Rungwe, na mama yangu anautaka Rungwe. Ila nakupa hoja hii: wekeni njia, vibao na hiyo bei moja, muipe miaka mitano. Ikifika hapo Isongole na Tukuyu bado hatujaona hela, nitafungua uzi mwingine hapahapa, na sitakubali kuambiwa nisubiri.

Mwongozaji, Isongole

Miaka mitano inatosha. Sisi tuko tayari kuanza na hiyo bei moja. Anayejua utaratibu wa kusajili kikundi cha waongozaji na kuingia makubaliano na watu wa misitu, aandike hapa chini hatua kwa hatua.