Oktoba imeniletea wageni 6,312. Waliosoma ni wangapi?

KalamuYaMoro, 1 Novemba, saa 4:20 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Nina blogu ya vitabu vya Kiswahili, mwaka wa nne huu. Mchana nina stationari huku Kihonda, Morogoro, karibu na sekondari mbili, kwa hiyo siku yangu ni fotokopi, laminesheni na kuuza kalamu. Blogu naandika usiku kwa simu, watoto wakishalala. Kila mwisho wa mwezi, nikimaliza hesabu za duka, nageuza kaunta buku lile lile ukurasa wa nyuma na kuandika: wageni wangapi, wametokea wapi, makala ipi imeongoza. Mume wangu anayaita mahesabu ya duka lisilouza kitu.

Kwa kawaida sihitaji hata mistari miwili. Agosti 980. Septemba 1,140. Jana nafungua Oktoba, 6,312. Nikafuta kioo kwa kanga nikidhani ni uchafu. 6,312 vilevile. Nikamwamsha baba watoto, akasema hongera, akageukia ukutani.

Furaha iliisha nilipoanza kuchambua. Wageni 3,904 wametoka Singapore. Singapore sina ndugu, sina mteja, sijui hata wanakula nini kule. Muda waliokaa kwenye kurasa zangu ni sekunde 0, wote.

Waliobaki ni 2,408, na hao wametoka nchi ninazozielewa: Tanzania, Kenya, wachache Oman, wachache Uingereza. Katika hao, 1,871 wameingia kwenye makala moja tu, uchambuzi wa riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie. Ile niliiandika mwaka juzi kwa dakika arobaini, umeme umekatika, kwa sababu kuna binti alikuja dukani karibu kulia, ana zamu ya kuwasilisha darasani na kitabu hana. Wastani wa kukaa kwenye makala hiyo: sekunde 48. Zita, Peter, Mama N'tilie na jiji zima, sekunde 48.

Sasa kidonda chenyewe. Oktoba nilitumia wiki tatu kuandika kuhusu riwaya ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale. Kopi yangu nilinunua kwa muuza vitabu wa chini, haina jalada, na kurasa mbili mende wamekula pembeni. Niliandika jinsi Muhammed Said Abdulla alivyomjenga Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni asiye na haraka na mtu, na mwenzake Najum pembeni anayewahi kila jibu la uongo. Nikaeleza kwamba hadithi ile ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikatoka kitabu mwaka 1960, na kwamba kabla ya hapo mpelelezi wa aina ile hatukuwa naye katika riwaya ya Kiswahili. Nikaigawa sehemu tatu ili isichoshe. Wasomaji 23. Na mimi nimo humo, maana niliingia mara kadhaa kusahihisha "Najmu".

Naomba msaada wa mambo mawili. Hawa wa Singapore ni nani? Na je, niendelee na Bwana Msa au blogu niigeuze iwe ya madesa ya mtihani? Kidato cha nne wanaingia kwenye pepa mwezi huu. Nikiandika chambuzi tano za haraka haraka, Novemba hii nitavuka elfu tatu wa kweli, hilo nalijua. Ila nikifikiria kuamka asubuhi niandike "dhamira ya tatu ni umaskini", moyo unakataa.

---

Fundi_Uyole, 1 Novemba, saa 4:51 usiku

Dada pole, ila hao wa Singapore si watu. Ni roboti. Zinapita kwenye tovuti kukusanya maandishi au kupima milango, na zinatumia kompyuta za kukodi zilizolundikwa kule, ndiyo maana zote zinaonekana zimetoka sehemu moja. Angalia mambo matatu: sekunde 0, hawashuki chini ya ukurasa, na ukubwa wa kioo chao unafanana. Binadamu 3,904 hawawezi kuwa na simu ya aina moja.

Kwenye Google Analytics, kule unakoona hesabu ya wageni, chuja kwa nchi, Singapore itoe, ndipo uandike kwenye hilo daftari. Kisha fungua Google Search Console. Kule utaona maneno ambayo watu wameyatafuta na mara ngapi wamebonyeza. Roboti haitafuti "uchambuzi wa riwaya", kwa hiyo kule hesabu ni safi zaidi.

Jingine usilolijua: anayebonyeza linki yako kutoka WhatsApp mara nyingi anaandikwa kama aliyekuja moja kwa moja, hutajua nani kamtuma. Na anayekopi maandishi na kuyapesti kwenye grupu, wasomaji wake hawahesabiwi kabisa. Kwa hiyo 6,312 ni nyingi mno na 23 huenda ni chache mno. Zote mbili usiziamini.

---

KalamuYaMoro, 1 Novemba, saa 5:38 usiku

Fundi asante sana, nimefungua hiyo Search Console na usingizi umeniruka. Nilikuwa sijui kuna maneno yao kabisa!

Sikilizeni. Natambua nchi kwa swali. Anayetafuta "dhamira", "fani na maudhui", "hoja tatu tatu" ni wetu huku. Anayetafuta "mwongozo wa", "maudhui na mbinu za lugha", "muktadha wa dondoo" ni Mkenya. Sijaangalia hata safu ya nchi, nasoma tu maneno, nikiangalia nchi nakuta nimepatia. Kuna mmoja ameandika "mama ntilie alikufa au hakufa". Mwingine "jibu la swali la riwaya". Swali gani? Riwaya ipi? Na Google ikamleta kwangu!

---

MwalimuWaMagharibi, 2 Novemba, saa 11:40 alfajiri

Hujambo dada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kaunti ya Kakamega, na hao wa "muktadha wa dondoo" huenda wengine ni wanafunzi wangu, nawaombea radhi.

Acha nikueleze unachokiona. Huku Kenya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, una karatasi ya tatu ya Kiswahili, ya fasihi. Mtahiniwa hupewa dondoo, aseme nani alimwambia nani, wapi, kwa nini. Mwanafunzi aliyesoma kitabu teule hahitaji kukutembelea wiki ya mtihani. Anayekuja ni yule aliyekiazima kitabu siku mbili, au darasa zima lenye nakala sita. Yeye hasomi makala yako, anawinda sentensi moja. Sekunde 48 kwa mwindaji ni nyingi.

Ukitaka kupima maneno yangu, fungua daftari lako la mwaka jana. Naamini Oktoba ilipanda na Desemba ikaanguka.

Kuhusu madesa, mimi ningekushauri usiyaandike, ingawa kwa sababu nyingine na ulizotaja. Miongozo tumejaa nayo. Mingi inanakiliana makosa. Nilisahihisha insha ambamo wanafunzi kumi na wanne walimpa mhusika jina lisilomo kitabuni, nikalifuata jina hilo hadi mtandaoni nikalikuta. Wasomi wote kumi na wanne walikuwa wamekaa sekunde zao 48.

---

KalamuYaMoro, 2 Novemba, saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, shikamoo. Nimefungua daftari kabla sijafungua duka. Mwaka jana: Oktoba 2,050, Novemba 2,300, Desemba 410. Kumbe kwa miaka yote hii nilikuwa naandika kalenda ya mitihani nikidhani naandika maendeleo yangu. Mwaka jana Januari nilikaribia kuifunga blogu kwa ajili ya hiyo 410, nikaona watu wamenichoka.

Ila yule binti wa dukani ananisumbua kichwani. Hakuwa mvivu, hakuwa na kitabu. Mimi mwenyewe nauza Watoto wa Mama N'tilie na siku ile sikumpa, nilimpa uchambuzi.

---

MzeeWaMalindi, 2 Novemba, saa 3:05 asubuhi

Bibie, mie mtu mzima, Malindi ya Unguja si ya Kenya. Nilikuwa na kiblogu changu cha vitabu na mambo ya kale, nikaandika miaka sita, sasa macho hayanipi.

Tarehe 7 Oktoba 2021 mchana, ilipotangazwa kuwa Abdulrazak Gurnah kapata Nobeli, mie nilikuwa na ukurasa mmoja tu juu yake, wa zamani, mistari kumi na mbili. Usiku ule wakamiminika watu. Mjukuu wangu ananisomea hesabu kama anatangaza mpira. Nikapiga kahawa, nikakaa tayari kujibu maswali ya vitabu. Yakhe, hakuna aliyeuliza kitabu! Walitaka kujua ni Mzanzibari, ni Mtanzania au ni Muingereza, wakagombana pale chini siku nne, wengine wakanitukana mie, sijui nimewakosea nini. Siku ya tano kimya, kama jamvi baada ya shughuli.

Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kitabu cha Gurnah cha 1994, Paradise, kikaja katika Kiswahili. Nikakisoma taratibu na nikakiandikia vizuri. Walikuja watu thalathini na kitu. Wawili waliniandikia kunisahihisha, mmoja akanigombeza kweli kweli juu ya neno moja la pwani, na ilionesha kakisoma kitabu hadi jalada la mwisho. Huyo mpaka leo tunaandikiana.

Sasa neno langu kwako ni hili. Ile sehemu yako ya pili mjukuu kanisomea. Umesema Bwana Msa hana haraka, kisha wewe mwenyewe ukamaliza habari ya Najum kwa aya moja. Najum ndiye msomaji, bibie! Anakosea ili sisi tukosee naye. Rudi hapo.

---

BandoLimekata, 2 Novemba, saa 8:30 mchana

Sister samahani, nadhani inabidi nijisalimishe.

Mimi ni dereva wa malori, Dar–Tunduma mpaka ng'ambo. Wiki ya pili ya Oktoba tulikaa foleni Tunduma siku tatu. Makala yako nilitumiwa na shemeji yangu wa Moro. Nikasoma sehemu ya kwanza chini ya lori, nikaipenda. Tuna grupu la madereva, watu 140 na ushee. Nikakopi yote nikapesti. Wakalalamika ni ndefu, wengine wako kwenye usukani. Basi nikairekodi kwa sauti. Sehemu ya kwanza dakika tisa, ya pili nikaikata vipande viwili maana konda alikuwa anapiga honi nyuma, ya tatu nikairekodi usiku Mbeya.

Sasa kwenye foleni mtu akiwahi kujibu na kukosea anaambiwa "wewe Najum". Mzee mmoja wa Tanga amesema alikisoma shuleni, anabishana na wenzake kuhusu kile kiko. Jina lako sikulitaja. Kusema kweli sikujua kama linatakiwa kutajwa, niliona ni maandishi tu ya mtandaoni.

Kwenye zile 23 mimi ni mmoja.

---

Fundi_Uyole, 2 Novemba, saa 8:44 mchana

😂😂 Nilisema mimi. Dada hiyo usiiandike kwenye Analytics, andika kwa mkono.

---

KalamuYaMoro, 2 Novemba, saa 2:10 usiku

Kaka dereva, nimesoma ujumbe wako dukani nikiwa na wateja wanne, nikatoa kopi za mtu upande mmoja badala ya pande mbili, nikarudia kwa hasara yangu. Sijui nicheke au nigombe, nitafanya vyote.

Nagomba kwanza. Wiki tatu zile zilikuwa usiku wangu. Kunitaja ni maneno mawili tu, na kumtaja Muhammed Said Abdulla ni matatu, hata kwenye usukani unaweza kuyasema. Naomba uingie kwenye grupu useme kitabu kinaitwaje, kakiandika nani, na makala imetoka wapi. Linki iweke, asiyetaka kubonyeza aache.

Halafu naomba unitumie hizo sauti. Nataka kusikia "kiko" inatamkwaje Tunduma.

Mzee wangu wa Malindi, shikamoo. Umenipiga penyewe, aya ya Najum niliiandika usiku nimechoka na mtoto ana homa. Naifumua.

Daftari nimelijaza hivi: Oktoba, 2,408 baada ya kutoa Singapore. Watafuta jibu 1,871. Msa 23, nikachora mshale pembeni, nikaandika "foleni ya Tunduma, 140 na ushee". Baba watoto kaona mshale kauliza ni deni la nani.

Madesa sitaandika. Makala ya Mama N'tilie nitaiacha ilipo, ila juu kabisa nimeongeza mstari kwamba ukiwa Kihonda na kitabu huna, njoo dukani, kuna nakala mbili za kuazima, unaacha kitambulisho cha shule. Moja imeshatoka leo jioni.

---

BandoLimekata, 2 Novemba, saa 3:27 usiku

Nimetaja, sister. Jina lako, la mwandishi, na linki nimeweka. Wawili wamebonyeza, wanasema bando la wengine limekata.

Sauti nimekutumia. Usicheke sehemu ya tatu, kuna jogoo.

Wanauliza sehemu ya nne iko wapi. Nimewaambia ziko tatu tu, hawaniamini, wanasema nimeificha.

---

KalamuYaMoro, 2 Novemba, saa 3:31 usiku

Waambie Ijumaa. Ni ya Najum peke yake.