Picha za harusi zimekuwa nusu kijivu, diski inataka kufomatiwa, nifanyeje wakuu?

lensi_tanga
Habari zenu wakuu. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Tanga mwaka wa sita sasa na leo nimekwama kweli. Nina diski ya nje ya TB 2, kila kitu naweka humo. Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa nakopi kazi ya Jumamosi, uliporudi folda ikafunguka nikajua salama. Sasa juzi bibi harusi wa mwezi wa tano kaniomba picha ya baba yake, mzee amefariki, wanaitaka kwa ajili ya msiba. Nafungua, juu naona kofia na paji la uso vizuri kabisa, chini yote kijivu. Nyingine zina mistari ya pinki. Leo nachomeka tena ndo kabisa, Windows inasema niifomati kwanza. Bakapu ninayo kwenye laptopu ila nazo ziko nusu nusu vilevile, hapo ndo sielewi, mbona zote mbili? Nifomati au nisifomati? Natumia Canon, napiga RAW (faili ghafi la kamera) na JPEG pamoja.

fundi_diski
Pole sana ndugu, na familia ya mzee pia poleni. USIFOMATI. Chomoa hiyo diski sasa hivi weka pembeni, na ile CHKDSK, ukaguzi wa diski wa Windows, usiikubali, yenyewe inanyoosha mpangilio wa diski, haina habari na picha zako, ikikuta faili ina utata inaikata vipande inavitupa kwenye folda ya FOUND.000. Chochote kinachoandikwa humo sasa hivi kinaweza kukalia picha.

Diski yako nahisi ni exFAT, yaani aina ya mpangilio wa faili kwenye diski, nyingi za nje zinakuja hivyo. Hiyo haina kumbukumbu ya pembeni ya kazi iliyokuwa inaendelea kama NTFS, ule mpangilio mwingine wa Windows, kwa hiyo umeme ukikata au ukichomoa waya ghafla ile ramani inayosema picha gani iko wapi inabaki na makosa, halafu kazi mpya inaandikwa juu ya picha za zamani. Jina lipo, saizi ipo, ndani kimeharibika. Ukiikopi inakopika bila kulalamika hata kidogo. Bakapu ya laptopu uliifanya lini?

lensi_tanga
Mwezi wa saba mkuu. Laptopu ilijaa nikafuta za mwanzo, baadaye nikazikopi upya kutoka kwenye diski. Na kweli kuchomoa ghafla nimechomoa sana.

fundi_diski
Basi ulikopi zikiwa zimeshaharibika. Fanya hivi. Tafuta diski nyingine ya ukubwa huo au zaidi, azima hata kwa mtu. Washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure badala ya Windows), tumia programu ya ddrescue kuvuta nakala ya diski nzima iwe faili moja. Diski isiyo na ubovu ya TB 2 kwa USB 3 inaweza kuchukua saa tano sita hivi, yenye sekta mbovu inaweza kwenda siku kadhaa, iache. Ikianza kugonga tik tik zima usiendelee, huyo ni wa kupelekwa kwa wataalamu wenye vifaa. Ukishapata nakala, kazi zote fanya juu ya nakala. Anza na TestDisk maana inaweza kukurudishia majina na folda, ikishindikana PhotoRec, zote za bure, ila PhotoRec inaokota picha bila majina utapanga mwenyewe kwa tarehe. Kilichokwisha kuandikwa juu yake hakirudi, nakwambia ukweli.

studio_ya_dada_M
Kaka lensi subiri, kwa picha ya mzee kuna njia mbili usiziache. Kwanza RAW ya Canon, kama ni ya CR2, ndani yake mna JPEG nzima imefichwa, ile unayoiona nyuma ya kamera, na imekaa mwanzoni mwa faili kabla ya data yenyewe ya RAW. Kama uharibifu umeanzia katikati hiyo inaweza kuwa nzima! Chukua programu ya ExifTool uandike hivi, pa IMG.CR2 weka jina la faili yako

exiftool -b -PreviewImage IMG.CR2 > mzee.jpg

Pili, memori kadi ya siku ile iko wapi? Kadi ukiifomati kwenye kamera kawaida picha hazifutiki palepale, zinabaki mpaka zikaliwe na nyingine. Kama hiyo kadi hukuitumia sana pitisha PhotoRec humo.

Mimi niliwahi kupoteza ubarikio wa mtoto wa mteja, yule mama alilia mbele yangu, tangu hapo kadi siifomati mpaka nakala ziwe mbili na zimehakikiwa. Kuhakiki ndo jambo lenyewe. Nakopi kwa programu ya TeraCopy nikiwa nimewasha uhakiki, inasoma faili upya inalinganisha na ya mwanzo, na nahifadhi ile orodha ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho ya herufi na namba 64 kwa kila picha. Kila baada ya miezi mitatu naipitisha tena, picha ikibadilika hata biti moja namba inakuwa tofauti, nairudisha kutoka diski ya pili kabla sijaikopi popote. Diski ya pili anakaa nayo dada yangu Korogwe, moto au mwizi asipate zote. Mtandaoni napandisha JPEG zilizochaguliwa tu, RAW za harusi moja GB 60 bando gani litatosha.

fundi_diski
Dada M kasema vizuri. Mimi naongeza CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, angalia mistari ya 05, C5 na C6 inayohesabu sekta mbovu au zenye mashaka, thamani ghafi ikianza kupanda kutoka sifuri hamisha kazi mapema. Na RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, msiihesabu kama bakapu, ukifuta kwa bahati mbaya inafuta kote.

lensi_tanga
Wakuu nimerudi. ddrescue ilikwenda usiku kucha, TestDisk imerudisha folda nyingi, harusi ya mwezi wa tano bado ina mapengo. Picha ya mzee CR2 yake ilikuwa mbovu kuanzia katikati lakini ile ya ndani imetoka nzima, kofia, uso, mkono umeshika mkono wa binti yake. Nimeiprinti kubwa nimewapelekea asubuhi kabla ya mazishi. Dada M sijui nikushukuruje. Diski mbili nimeagiza, kadi zote nimezitia kwenye bahasha hazitumiki mpaka nimalize kuzipitisha.