Mwenyekiti wa wazazi hasomi mapato na matumizi: tumtoe sasa au tusubiri muda wake uishe?

Mleta mada:
Wazazi wenzangu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana najua liko katika shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania. Watoto wetu wako darasa la saba. Mwanzoni mwa mwaka tulichagua mwenyekiti na kamati ya kusimamia mchango wa uji, chakula cha mchana na kambi ya kujiandaa na mtihani. Tangu siku ile hatujasomewa mapato na matumizi. Pesa zinaingia kwenye simu ya mwenyekiti, kwa jina lake. Ukiuliza, unaambiwa tuaminiane. Ukirudia swali, kundi la WhatsApp linafungwa, anabaki anaandika yeye peke yake.

Kilichonifikisha hapa ni orodha ya wasiolipa aliyoitundika kwenye kundi, tena kwa majina ya watoto. Mtoto mmoja ambaye mama yake anauza mihogo kituoni alisomewa jina lake na wenzake mstarini, kesho yake akagoma kwenda shule. Mama huyo hakuwa amekataa kulipa, aliomba alipe kidogo kidogo.

Msimamo wangu ni kwamba atolewe sasa, kwa kikao halali. Wapo wanaosema tuvumilie, mtihani ni Septemba. Lakini sehemu kubwa ya pesa inaliwa na hiyo kambi. Tukisubiri Septemba, tutadai hesabu ya pesa ambayo imeshakwisha.

Tukumbuke pia tulifikaje hapa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali iliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ndizo zilizokuwa zinapelekwa moja kwa moja shuleni. Hiyo haimlipi mpishi na mlinzi. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kushika michango, na alikuwa sahihi, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani. Ila uji haukuacha kuhitajika. Pesa iliyokuwa mezani kwa mwalimu ikahamia kwa kamati za wazazi kama hii yetu. Kamati ya shule inatambuliwa na sheria ya elimu. Hii ya kwetu ya darasa haina katiba, haina mkaguzi, haina hata daftari tunaloweza kuomba tulione.

Baba wa wawili, Morogoro:
Mkuu, nakupinga kidogo. Siku ya uchaguzi nani alitaka hiyo kazi? Huwa tunaangaliana, anapatikana mmoja, tunapiga makofi na kukimbilia daladala. Huyo mtu anaamkia sokoni kutafuta mahindi na maharage kwa nauli yake. Kutokusoma hesabu ni udhaifu, lakini wizi ni jambo jingine, na ukimwita mtu kikaoni kumtoa, mtaa mzima utamwita mwizi. Mwongezeeni mhazini, mpeni tarehe ya kusoma hesabu. Akishindwa hapo, mtoeni.

Mwalimu wa darasa la sita:
Nachangia kama mwalimu. Wazazi wananyamaza kikaoni kwa kuogopa kwamba mtoto atachukiwa darasani, halafu wanakuja kutunong'oneza jioni getini. Siwezi kupeleka minong'ono kwa mwalimu mkuu. Andikeni barua, wasaini wazazi wengi, nakala apewe mtendaji wa mtaa. Na kuna jambo hamlisemi: mara nyingi jina la mwenyekiti linaletwa na mwalimu mkuu. Akishasema "namwona mzee hapa anafaa", nani atanyoosha mkono kupinga? Hapo ndipo viongozi wabovu wanapopatikana. Sisi walimu tukae pembeni wakati wa uchaguzi.

Mama, Mombasa:
Huku Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka chama cha wazazi kila shule. Kila darasa lina mwakilishi kwenye kamati, na mkutano mkuu hufanywa ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka wa masomo. Msidhani tumepona. Kuna shule wawakilishi hupitishwa chapuchapu wazazi wakiwa wamechoka na jua. Lakini mzazi akisimama kuuliza, ana kifungu cha kushika. Dada zangu wa Tanzania, hamtapata raha kwa kumbadilisha mtu tu.

Mwanakikoba:
Kinachonishangaza ni kwamba wengi wa akina mama wa kundi la aina hiyo wako kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana pesa. Kule sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na pesa inahesabiwa mbele ya wote kabla ya kufungwa. Mtu huyohuyo akifika shuleni anatuma pesa kwenye simu ya mtu mmoja, risiti haombi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wiki hii hii, kabla hamjafika kwa mwenyekiti.

Mleta mada:
Nimewasoma wote. Baba wa Morogoro, suala la tarehe nalikubali, ila iwe ndani ya wiki mbili na iandikwe kwenye barua. Kuhusu heshima yake mtaani, yule mtoto naye alikuwa na heshima yake, na hakuna aliyeitetea. Orodha ile ifutwe leo, hilo halisubiri kikao. Mwalimu, ushauri wa mtendaji tunaufanyia kazi, tayari kuna wazazi wamekubali kusaini. Akaunti ya watia saini watatu nayo inaingia kwenye barua.

Bado nina swali moja. Kama kuna darasa lenye katiba ya wazazi iliyoandikwa, kipengele cha kumwondoa kiongozi kinasemaje: theluthi mbili ya wazazi wote, au ya waliohudhuria? Kwetu vikao vinajaa nusu tu, na jibu la hapo ndilo litakaloamua kama anatoka au anabaki.