Nimeweka Qubes OS, programu zinapotea nikizima laptop. Naombeni msaada

Kibatari: Habarini wakuu. Juzi nimeweka Qubes OS 4.2, mfumo unaogawa kompyuta katika vyumba vilivyotengana, kwenye laptop ya RAM GB 8. Natunza hati za wateja, nikataka kila kazi iwe na chumba chake. Usiku nikaingia chumba cha work, nikaweka GIMP kwa amri ya dnf, nikasafisha picha za hati hadi saa sita. Asubuhi nawasha: picha zipo, GIMP haipo! Na bando limekwisha. Nimekosea wapi?

Mkunazini: Pole sana ndugu yangu, wengi tumepita hapo. Chumba cha work hakina mfumo wake, kinaazima wa templeti (chumba cha mfano chenye mfumo na programu) kila kinapowaka. Kinachobaki ni vilivyo kwenye /home, /usr/local na /rw. Vingine vyote vinafutika kikizimwa. Usiichukie tabia hiyo, maana hata uchafu ulioingia kwenye mfumo unaondoka nao.

Fungua terminali ya templeti ya Fedora, andika `sudo dnf install gimp`. Ukijaribu ping humo itagoma, usihangaike: templeti haina mtandao, inapakua kupitia wakala wa masasisho tu. Ikimaliza, nenda kwenye mipangilio ya work uiongeze GIMP kwenye menyu.

Nanga_Moja: Naongezea. Kabla ya kugusa templeti, itolee nakala kwa `qvm-clone` uweke programu kwenye nakala. Ukiharibu, ya asili ipo. Na dom0, chumba kikuu unakoandikia amri hiyo, usiweke programu zako humo mkuu. Hiyo ndiyo inayotawala vyumba vyote, ikivamiwa, umekwisha.

Kuhusu RAM, wenyewe wanasema angalau GB 6, lakini wanashauri 16. Hujafungua chako, vyumba vya mtandao, sys-net na sys-firewall, tayari vinakula. Zima chumba usichotumia.

Kibatari: Asanteni sana. Nimetoa nakala, nimeweka GIMP humo, work nimeihamishia huko. Nikawasha, bado haipo!

Mkunazini: Templeti umeizima?

Kibatari: Ilikuwa inawaka.

Mkunazini: Izime kwanza, ndipo uzime work na kuiwasha. Mabadiliko hayashuki chumbani mpaka templeti izimwe.

Kibatari: Imekubali! Nimezima laptop nzima na kuwasha, GIMP ipo na picha zipo. Mungu awabariki. Nywila za wateja niziweke wapi?

Nanga_Moja: Kwenye chumba cha vault. Hakina mtandao kabisa. Kunakili kwenda chumba kingine: Ctrl+C, Ctrl+Shift+C, hamia dirisha la pili, Ctrl+Shift+V, Ctrl+V. Tazama rangi ya fremu ya dirisha, ndiyo inayoonyesha ni chumba kipi, kabla ya kubandika.