Antena ya kuunguza uvimbe: S11 safi ila joto linapanda na shina, nakosea wapi?

mwanya_mmoja
Wakuu habari, nafanya simulesheni ya antena ya maikrowevu ya kuunguzia uvimbe wa ini, ile ya koaksia (waya wa kati umezungukwa na kondakta ya nje) yenye mwanya mmoja karibu na ncha, kebo milimita 2.2, gigahezi 2.45, wati 50 kwa dakika 10. S11, kile kipimo cha nguvu inayorudi kwenye jenereta, nimehangaika nayo mpaka ikafika desibeli -20 nikajua kazi imeisha. Sasa nafungua ramani ya joto nikitegemea kitu cha mviringo, naona mviringo wenye mkia mrefu unapanda na shina la sindano kurudi kule ilikoingilia!! Nimesogeza mwanya mbele nyuma, mkia upo palepale. Na choki nimeweka, kile kikopo cha shaba, lakini wapi.

mawimbi_tu
S11 inakudanganya mkuu. -20 maana yake asilimia 1 ya nguvu ndo inarudi kwenye jenereta, basi, haikwambii hiyo 99 imeenda wapi. Hata ikimwagika yote kwenye nyama isiyo na uvimbe pembeni ya shina S11 itabaki safi vilevile. Mkondo ukitokea kwenye mwanya unatambaa juu ya kondakta ya nje kurudi nyuma na popote unapopita unapasha, choki kazi yake ni kuufungia njia. Choki yako ina urefu gani na mdomo umeangalia wapi?

mwanya_mmoja
Milimita 4.7. Nimepiga robo ya urefu wa wimbi ndani ya ini, pemitiviti (kadiri kitu kinavyofupisha wimbi) 43. Mdomo unaangalia mwanya, nyuma pamefungwa.

mawimbi_tu
Hapohapo. Mdomo sawa, urefu ndo tatizo. Wimbi lililoko ndani ya choki halijui habari za ini, linaona plastiki ya tefloni iliyojazwa kati ya kikopo na kebo na pemitiviti ya tefloni ni 2.1 tu. Chukua wimbi la hewani, milimita 122, gawa kwa mzizi wa 2.1, gawa kwa 4, unapata kama 21. Kwa 4.7 ni kama hujaweka choki. Ukiona 21 ni ndefu sana jaza kitu chenye pemitiviti kubwa zaidi, ila angalia unene, hii kitu inapita kwenye ngozi ya mtu.

koaksia
Naongezea, mkia mwingine hautoki kwenye mawimbi kabisa, unatoka kwenye kebo yenyewe. Nahisi umeweka shaba isiyopoteza kitu. Kebo nyembamba ikipoteza desibeli 1 tu, kati ya wati zako 50 kama 10 zinageuka joto humohumo kwenye shina, ndo maana sindano nyingi zinazungushiwa maji ndani. Na kinachochekesha, kebo inayokula nguvu inaipendezesha S11, maana hata kinachorudi kinaliwa njiani.

maini_mezani
Mimi nilipasua ini la ng'ombe kufuata njia ya sindano baada ya jaribio. Kwenye mwanya pameungua pakawa peusi, kuzunguka pale nyama imepauka ngumu kama iliyochemshwa, halafu ghafla nyekundu mbichi. Mkia unauona kwa macho, mstari mweupe mwembamba unafuata shina. Ila usishangilie ukubwa wa duara maana ini la mezani halina damu inayopita, kwa mtu aliye hai mshipa mkubwa ukiwa jirani unabeba joto lako unaondoka nalo. Halafu hiyo 43 usiiache hivyohivyo dakika zote 10, nyama ikikaribia nyuzi 100 maji yanakuwa mvuke, pemitiviti inaporomoka, antena uliyoipima dakika ya kwanza siyo ya dakika ya mwisho.

mwanya_mmoja
Duh. Nimeweka 21, mkia umekatika palepale kwenye mdomo wa choki 😂 ila S11 imeharibika imekuwa -13, nianze tena kuhangaika nayo?

mawimbi_tu
-13 ni asilimia 5, yaani wati 2 na nusu. Iache.