Mjadala: Nyumba ya zamani ya vigae, sola ya maji moto tuiweke wapi, au tusiiweke kabisa?

Mleta mada, Parklands

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kwetu limeshaleta kununiana.

Nyumba aliyotuachia marehemu baba pale Parklands, Nairobi, ni ya mawe ya kuchonga, ina baraza pana mbele na paa la vigae vya Mangalore, vile vyekundu vilivyoletwa kutoka India, jina la kiwanda limegandamizwa kwenye udongo. Mama bado anakaa pale, ana miaka 78. Asubuhi za Julai mnazijua: wingu limetanda, maji ya mfereji yanakata vidole. Shawa ya umeme inamaliza tokeni, na umeme ukipotea anachemshiwa maji kwa sufuria, yanabebwa kutoka jikoni hadi bafuni, korido nzima. Siku yule binti anayemsaidia atakapojikwaa na ile sufuria nitajilaumu maisha yangu yote.

Mimi nataka sola. Kaka yangu mkubwa hataki, na sababu anayo. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliweka mwaka juzi. Tangi la lita 300 likalazwa juu kabisa ya paa, upande wa barabara. Mafundi walitembea juu ya vigae kana kwamba wako sakafuni, na vilivyopasuka wakaviziba kwa lami na kipande cha bati. Masika yalipoanza, dari ya mbao ya sebuleni ikafanya doa. Nilipoenda kuwajulia hali niliona mbao tatu zimeshalegea, na beseni chini yake. Kaka anasema ukimkubali fundi wa sola, umekubali hilo.

Mimi nasema tunagombana na kitu kisicho chenyewe. Paneli bapa ya mita mbili za mraba ina kilo 40 hivi, ni nyeusi, inalala sambamba na paa. Kinachoharibu sura na kulemea kenchi ni tangi. Maji ya lita 300 peke yake ni kilo 300. Tangi hupandishwa juu kwa sababu mtambo wa bei ya chini hauna pampu: maji yakipata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe, kwa hiyo tangi lazima likae juu ya paneli. Tia pampu ndogo, na tangi linaweza kukaa chini, ndani, popote pasipomuudhi mtu.

Jambo la pili ni jua letu. Miongozo ya Ulaya na Marekani inasisitiza paneli zielekee kusini, hata kama huo ndio uso wa nyumba. Sisi tuko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hapa haliteremki chini ya nyuzi 65 kutoka upeo wa macho mwaka mzima. Machi na Septemba liko utosini. Kwa nini basi tuweke mbele? Kipaa cha nyuma kipo.

Na paneli huondoka. Rais Jimmy Carter aliweka paneli 32 za kupasha maji juu ya Ikulu ya Marekani mwaka 1979. Mwaka 1986, wakati wa Rais Reagan, zikashushwa paa lilipokuwa likitengenezwa. Ikulu ile imebaki Ikulu ile ile. Kigae kilichokatwa hakirudi, lakini paneli iliyofungwa kwa heshima inarudi chini.

Nyumba yetu haimo katika orodha ya majengo yaliyotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Ingekuwemo, tungeanzia kwa Makavazi ya Kitaifa kuomba kibali. Kwa kuwa haimo, hakuna wa kutuzuia ila sisi wenyewe, na ndiyo sababu nauliza. Semeni.

Fundi bomba, Ngara

Dada, kwenye tangi umenena. Kwenye jua umekwenda mbio kidogo. Kipaa chenu cha nyuma kinaelekea wapi? Juni na Julai jua liko kaskazini. Paa lililolala nyuzi 30 kuelekea kusini litakupa saa sita mchana kama theluthi moja pungufu ya paneli iliyolazwa, na hiyo ndiyo miezi ya mawingu, ndiyo miezi mama anayataka hayo maji. Kikielekea kaskazini, hamna neno. Mashariki au magharibi, bado mtaoga vizuri. Vyovyote vile msikose hita ya umeme ndani ya tangi kwa siku za ukungu.

Pili, msidanganywe na bei mkanunua sola ya mirija ya vioo badala ya paneli bapa. Parklands maji ni ya mgao. Tangi likikauka, mirija inaungua juani tupu, kisha maji baridi yakirudi saa nane mchana, kioo kinapasuka. Nimeokota vipande hivyo kwenye bustani za watu mara nyingi. Chukueni paneli bapa, na tangi la maji baridi la akiba lisikauke.

Tatu, vigae vya Mangalore havitobolewi. Vinainuliwa. Kimoja kinatoka, kulabu ya chuma inafungwa kwenye mbao ya kenchi, kigae kinarudi mahali pake. Fundi akija na drili mkononi kabla hajaomba ngazi, mrudisheni.

Mpenda majengo, Pangani

Nimewasoma wote wawili, na bado nasimama na kaka mkubwa.

Nyumba za zamani za Nairobi haziuawi siku moja. Kwanza dirisha la mbao linatolewa, linaingia la alumini kwa sababu ya baridi. Kisha baraza linazibwa vioo, sababu ni usalama. Kisha sola, sababu ni mama. Kila sababu ni ya kweli! Baada ya miaka ishirini anakuja mwenye tingatinga, anauliza hapa kuna cha kuhifadhi nini, na hamna jibu.

Halafu hiyo "nyuma" yenu ni nyuma ya nani? Parklands ya leo imezungukwa na maghorofa. Anayekaa ghorofa ya kumi anaona vipaa vyote vinne. Paa lenu jekundu ni katika machache anayoyaona akifungua pazia. Msilipime kwa macho ya mpita njia peke yake.

Mjukuu wa mtu wa reli

Swali dogo tu. Nyumba hiyo ilipokuwa mpya, maji yalipashwaje? Kwa babu yangu, kwenye nyumba za reli, kulikuwa na pipa juu ya meko ya matofali nje, nyuma ya bafu. Wakiliita Tanganyika boila. Kuni chini, bomba linapenya ukutani. Lenu lilikuwepo?

Mleta mada

Lilikuwepo! Nimekwenda leo kuangalia. Kibanda bado kimesimama, masizi ukutani, na tundu la bomba lipo pale pale nyuma ya bafu, limezibwa kwa tambara na saruji.

Fundi, asante, umenisahihisha. Kipaa chetu cha nyuma kinaelekea kusini kabisa. Nilikuwa naingia hasara na macho wazi.

Na wewe wa Pangani, hilo la maghorofa sikuwa nimelifikiria, na limeniuma kwa sababu ni kweli. Vigae vile tunavyovipenda sisi tukiwa chini, wengine wanavipenda wakiwa juu. Lakini sikubali kwamba sababu ya mama iwekwe kwenye safu moja na vioo vya baraza. Nyumba isiyokalika huhamwa, na zilizohamwa ndizo tingatinga linaanza nazo.

Basi napendekeza hivi. Paa la vigae tusiliguse. Nyumba ya mfanyakazi kule nyuma ina paa bapa la zege. Paneli zilale pale, zikiinuliwa kidogo kuelekea kaskazini ili mvua izioshe vumbi. Tangi na pampu viingie kwenye kibanda cha boila, bomba lipite tundu lile lile la zamani. Kutoka paneli hadi kibandani nimepima mita 12, lakini kutoka kibandani hadi bafuni ni ukuta mmoja tu, kwa hiyo mama hatasubiri maji ya baridi yaishe. Bomba lote livikwe sponji nzito, lisipoteze joto njiani.

Nimempigia kaka, nikamsomea hayo. Alinyamaza, kisha akauliza kama kibanda kile kitapakwa chokaa au masizi yataachwa. Nikamwambia yataachwa. Anakuja Jumamosi na ngazi yake, lile paa la zege anataka kuligonga kwa nyundo mwenyewe. Fundi, ukipata nafasi, njoo umsimamie.